Miezi sita na kisanduku kinachosikiliza mtandao wa skada

Nilikaa zamu kwenye chumba cha udhibiti miaka mingi kabla ya kuhamishiwa skada, yaani mfumo wa kompyuta wa kusimamia na kuendesha mitambo ya umeme kwa mbali, kwa hiyo mtu akiniletea kifaa cha usalama wa mtandao huwa namuuliza kwanza: kikifa usiku, umeme utakatika? Muuzaji wa hiki alijibu vizuri. Hakitumi chochote. Kinachomekwa kwenye mlango wa swichi ya mtandao unaonakili kila kinachopita, kinasikiliza basi. Kikizimika, relei, vile vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe hitilafu ikitokea, hazina habari. Kwa jibu hilo nikakubali kukifunga kwenye kituo kimoja cha kupozea umeme.

Siku ya pili kikatoa orodha ya vifaa. Daftari letu lilikuwa na 41, chenyewe kikahesabu 48. Mita tano mpya hakuna aliyekumbuka kuziandika, na moja ilikuwa printa. Cha saba kilitutoa jasho: modemu nyuma ya kabati, iliyoachwa na mkandarasi aliyefunga relei ili awe anaingia akiwa kwao. Ilikuwa bado inawaka, na neno la siri ni lile la kiwandani. Tuliichomoa palepale. Kwa orodha hiyo peke yake kisanduku kimejilipa, wala sisemi kwa kumpendeza muuzaji.

Kwenye tahadhari ndipo tulipogombana. Kinajifunza hali ya kawaida kwa wiki mbili, na wiki zetu mbili zilikuwa tulivu, hapakuwa na matengenezo. Usiku wa kwanza wa matengenezo yaliyopangwa kikapiga mayowe, kila amri ya kufungua sakiti breka ni nyekundu. Kijana wa TEHAMA akanipigia simu akihema, kwake breka ikifunguliwa umeme unapita, kama bomba, kumbe ni kinyume: ikifunguliwa ndipo umeme unakatika. Wiki ile ile mtu wetu alipakia mipangilio mipya kwenye relei ya ulinzi, na tahadhari yake ikawa ya njano, chini kabisa ya ukurasa. Hapo waliokitengeneza wamepindua uzito wa tahadhari. Breka ikifunguka, mwendeshaji anaiona kwenye skrini sekunde hiyo hiyo. Relei iliyobadilishwa mipangilio hukaa kimya mpaka siku hitilafu itakapotokea, ndipo ujue haikulindi. Na relei ndiyo inayozuia jenereta isiunganishwe na gridi ikiwa haijalingana nayo. Jaribio la Aurora, lililofanywa mwaka 2007 na Idaho National Laboratory, lilifungua na kufunga breka kwa wakati mbaya hadi jenereta ya dizeli ikatikisika, ikatoa moshi, ikaharibika.

Nilimuuliza muuzaji swali la pili, na hili hakulijibu. Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi wa mtandao walikuwa wameshaiba majina na maneno ya siri ya kampuni za umeme, wakaingia kwa njia ya mbali ya halali. Waendeshaji walitazama kishale kikitembea chenyewe kwenye skrini zao na breka zikifunguka moja baada ya nyingine. Wateja kama 225,000 wakabaki gizani, na vifaa vinavyounganisha mitambo ya zamani na mtandao vikaharibiwa programu ya ndani. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa kuwa mafundi walikwenda vituoni kufunga breka kwa mkono. Je, kisanduku hiki kingewaona? Amri zile zilitoka kwenye kompyuta za waendeshaji wenyewe. Itifaki zetu za zamani, yaani lugha ambazo vifaa huwasiliana kwazo, kama Modbus ya mwaka 1979, haziulizi anayeamuru ni nani. Labda kingeshtuka kwa wingi wa amri. Labda.

Halafu kuna fundi wao. Alikuja kusasisha programu, akawasha kipengele wanachokiita ugunduzi kamili bila kuniuliza. Kikiwashwa hicho, kisanduku kinaacha kusikiliza, kinaanza kukihoji kila kifaa. RTU yetu kongwe, kifaa cha kituoni kinachopeleka vipimo na amri kati ya mitambo na chumba cha udhibiti, haikuzoea maswali. Ikakwama, skrini ikaganda dakika nne. Breka zilibaki zilivyokuwa, hakuna mteja aliyejua, lakini dakika nne bila kuona kituo chako ni ndefu.

Mkataba nitauhuisha kwa kituo hiki. Cha pili sikifungi mpaka ratiba ya matengenezo iweze kuingizwa ndani yake na tahadhari za relei zipandishwe juu, na wamekwisha kuandikiwa hivyo. Akaunti ya fundi nimeifunga. Akitaka kuingia aje mlangoni, nitakuwa nimekaa pembeni yake.