Tathmini ya msaidizi wa imani wa akili mnemba: majibu mazuri, siri isiyolindwa

Wako wengi siku hizi wanaouliza maswali ya dini kwenye simu kabla ya kumwendea shehe, padri, mchungaji au hata ndugu yao wa karibu, na sababu yao inaeleweka, kwani simu haishangai, haikaripii, wala, kwa jinsi wanavyoamini, haipeleki umbea. Huduma ninayoitathmini ni mojawapo ya programu tumishi zilizobuniwa kwa ajili yao. Sitaitaja jina, kwa sababu kasoro nilizozikuta zinaweza kupatikana kwa wenzake wengi. Mtumiaji anapojisajili huchagua dini na madhehebu yake, kisha huandika swali, na akili mnemba humjibu kwa kunukuu maandiko na kueleza tafsiri zake. Sikutaka kuipima kwa wingi wa aya inazozijua. Nilitaka kujua kama mtu anayeitumia anabaki huru na salama, awe anaishika imani yake, anaitilia shaka au anafikiria kuiacha.

Kwa upande wa elimu, inastahili sifa. Nilipouliza kuhusu mgonjwa anayetaka kufunga, haikutoa amri. Ilieleza misimamo tofauti ya wanazuoni, ikaonyesha wanapotofautiana, kisha ikashauri aulizwe daktari. Lugha yake ni ya adabu na haijifanyi kiongozi wa dini. Jambo hilo si dogo kwa anayekumbuka kilichotokea Aprili 2024, pale shirika la Catholic Answers la Marekani lilipozindua padri wa kidijitali aliyeitwa Father Justin. Mhusika huyo aliwaambia watumiaji kuwa ni padri wa kweli, na akakubali kwamba mtoto anaweza kubatizwa kwa kinywaji cha Gatorade. Katika muda wa siku chache alivuliwa joho na kugeuzwa mlei. Wengi walicheka, lakini muumini aliyemwamini hakuwa na cha kuchekea.

Kidogo kidogo nikaacha maswali ya ibada nikaingia kwenye maswali ambayo watu huyauliza usiku. Niliandika kwamba nimelelewa katika dini moja na moyo wangu unaelekea nyingine, nikauliza nifanye nini. Jibu lilikuja kwa upole: nizungumze na wazazi wangu kwa uwazi, nimtafute kiongozi wangu wa dini, nisifanye haraka. Ni ushauri ambao shangazi mwenye busara angeutoa, na katika jamii ambayo kubadili dini ni jambo la mtu binafsi hauna ubaya wowote. Lakini mashine hiyo haikuuliza niko wapi wala ninaishi na nani. Kuna nchi ambazo kuacha dini ni kosa mbele ya sheria, na kuna familia nyingi zaidi ambazo, ingawa sheria haisemi lolote, anayebadili dini hufukuzwa nyumbani, huozwa kwa nguvu au hupigwa. Kumshauri mtu wa namna hiyo aende akaseme kwa uwazi ni kumkabidhi kwa wanaoweza kumdhuru.

Kifungu cha 18 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinataja waziwazi uhuru wa kubadili dini au imani, na kifungu cha 18 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 kinakataza mtu kushurutishwa katika uchaguzi huo. Nilipoiuliza huduma kuhusu vifungu hivyo ilivieleza bila kosa. Ilivijua kama somo la darasani, ikashindwa kuvitumia kwa mtu aliyekuwa akizungumza nayo.

Kasoro iliyonikera kuliko zote haitokani na akili mnemba hata kidogo. Asubuhi iliyofuata simu ilileta arifa, nayo ikajitokeza juu ya kioo kabla sijafungua kwa nywila: "Ulikuwa unafikiria kuhusu kubadili dini. Tuendelee?" Waliobuni arifa hiyo bila shaka waliwaza simu ya mtu mmoja, anayelala nayo na kuamka nayo. Hawakuwaza simu inayotumiwa na nyumba nzima, ambayo mume huikagua au kaka mkubwa huishika kwanza. Arifa zinaweza kuzimwa, lakini kitufe chake kimefichwa ndani ya mipangilio, chini ya kichwa kinachohusu sala za kila siku, na zinapowashwa kwa mara ya kwanza hakuna anayekuuliza. Kubonyeza "futa mazungumzo" nako huyaondoa kwenye orodha tu. Sera ya faragha inasema kampuni huendelea kuyahifadhi kwa lengo la kuboresha huduma.

Kisha kuna suala la mahali ulipo. Programu huomba ruhusa ya kujua mahali simu ilipo ili ikuonyeshe nyumba za ibada zilizo karibu, ombi linaloonekana la kawaida. Mwaka 2020 jarida la mtandaoni la Motherboard lilifichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala iliyokuwa imepakuliwa mara zaidi ya milioni 90, zilikuwa zikienda kwa X-Mode, kampuni iliyouza taarifa za aina hiyo kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo. Januari 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaizuia X-Mode, iliyokuwa imebadili jina kuwa Outlogic, kuuza taarifa za maeneo nyeti, nyumba za ibada zikiwemo. Huduma ninayoitathmini inaahidi kutouza taarifa, lakini inajiwekea haki ya kuzishiriki na "washirika" ambao haiwataji. Nilinyima ruhusa ya mahali, na kila kitu kingine kikaendelea kufanya kazi. Basi kwa nini iliombwa tangu mwanzo?

Anayeona hofu hii imetiwa chumvi atazame Xinjiang, eneo la China wanakoishi Waislamu wa jamii ya Uighur. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch lilichambua programu ya simu iliyotumiwa na polisi huko, iliyounganishwa na mfumo mkubwa wa kukusanya taarifa za wakazi, na kukuta kwamba miongoni mwa mambo yaliyomfanya mtu atiliwe shaka ni kuchangisha fedha au vifaa vya misikiti kwa ari. Ari ya ibada iligeuzwa kipengele cha kujazwa kwenye fomu. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, tangu Februari 2, 2025 umepiga marufuku matumizi ya akili mnemba kukisia dini ya mtu kutokana na alama za mwili kama uso. Ni hatua njema, ingawa haimgusi anayeijaza dini yake mwenyewe kwenye ukurasa wa kujisajili.

Ukurasa huohuo una upungufu wa aina nyingine. Dini kubwa zimetajwa pamoja na matawi yake. Wafuasi wa dini za jadi na wasio na dini wametupwa pamoja kwenye "Nyingineyo". Nilipochagua Uislamu, madhehebu ya walio wengi, na kuuliza kuhusu Waahmadiyya, jumuiya ndogo ambayo Waislamu wengi hawaitambui, nilijibiwa kwa sauti ya wanaowakataa, bila kuambiwa kwamba wenyewe hujiita Waislamu, wala kwamba Pakistan iliwatangaza kuwa si Waislamu kwa marekebisho ya katiba ya 1974 na kuwakataza, kwa amri ya 1984, kuziita nyumba zao za ibada misikiti. Mashine hujifunza kutokana na maandishi, na walio wengi ndio walioandika zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha jambo hilo kwa ukali: GPT-3, modeli ya akili mnemba inayoandika maandishi, ilipopewa mwanzo wa sentensi kuhusu Waislamu wawili wanaoingia mahali fulani, majibu 66 kati ya 100 yalikuwa na maneno ya vurugu. Hii ya sasa haitukani mtu. Upendeleo wake ni wa kistaarabu, ndiyo maana ni rahisi kuupita bila kuuona.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano kwa mtu aliyetulia katika imani yake, anayeishi kati ya watu wasiomfuatilia, na anayetaka kuelewa aya au historia ya madhehebu yake. Kwa anayefikiria kubadili dini, au aliye wa kundi dogo mahali ambapo kujulikana ni hatari, nyota moja inatosha, na hiyo ni kwa sababu inakubali kujisajili bila jina halisi. Akiamua kuitumia hata hivyo, azime arifa kabla ya kuandika neno la kwanza, anyime ruhusa ya mahali, na achague "Nyingineyo" hata kama dini yake imeorodheshwa. Niliwaandikia wahusika wa huduma kuhusu arifa ile. Walinijibu kwa heshima kwamba ujumbe wa kumkumbusha mtumiaji ndio unaowarudisha watu wengi kwenye programu.