TAHADHARI: Mbegu za "yungiyungi chotara" ni utapeli, msitume hela

Ndugu zetu wenye mabwawa ya samaki, bustani na nyumba za wageni, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Mbeya na Tukuyu: kuna muuzaji anasambaza picha za yungiyungi (ua linaloota majini) la njano, la waridi na la buluu, anadai ni "chotara wa asili". Anataka ulipe yote kwa simu, kisha anatuma pakiti ya mbegu kwa basi. Msilipe.

Chotara wa asili wapo kweli. Kusini mwa Marekani kuna Nymphaea × thiona, mtoto wa yungiyungi la njano (N. mexicana) na jeupe (N. odorata) yaliyochavushana yenyewe majini. Mzazi mmoja ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe hai) 56, mwingine 84, kwa hiyo mtoto anarithi 28 huku na 42 kule. Ua linapoanza kuunda chavua na mayai, kromosomu hizo hazipati wenza wa kupangana nao. Ua litachanua vizuri siku chache, litazama, litaoza, na ndani hamna punje. Mmea huo huongezeka kwa mashina yanayotambaa matopeni tu. Hata aliye nao bwawani hana mbegu ya kukuuzia.

Akijitetea kuwa amewachavusha wazazi kwa mkono, kama wafanyavyo wazalishaji wa mahindi chotara, mwambie akupigie video ya wazazi wote wawili na tunda lililopasuliwa. Ataacha kujibu.

Sasa fungua pakiti yenyewe. Punje ni nyeusi, kubwa kama karanga, ngumu kama kokoto. Hiyo ni lotusi (Nelumbo), mmea mwingine kabisa. Mbegu ya yungiyungi letu la buluu ni ndogo kama ulezi, na ikitoka kwenye tunda huwa imevaa kingozi chenye hewa kinachoielesha kwanza kabla haijazama. Lotusi ukiisugua kwa msasa na kuiloweka huota, ndiyo maana watu wanatulia wakidhani wamepata walichonunua. Angalia majani: la yungiyungi lina mpasuko kutoka ukingoni hadi kwenye kikonyo, la lotusi ni duara zima kama sahani na baadaye husimama juu ya maji. Na lotusi haina ua la buluu, hata ungoje miaka kumi.

Wengine wanatumiwa mche wenye vikonyo vilivyovimba kama puto. Hilo ni gugu maji, lile lile lililosumbua Ziwa Victoria. Lianike juani likauke kabisa, kisha lichome. Tunawasihi, lisiguse mfereji wa umwagiliaji wala Mto Ruaha.

Ukitaka yungiyungi, nunua kipande cha shina chenye jicho bichi na angalau jani moja, ukione kwa macho ndipo ulipe. Kikiwa laini na kinanuka, kimeoza. Tumia beseni la lita 15 hadi 20 na udongo mzito wa mfinyanzi. Usiweke samadi, itachacha na kuozesha shina. Laza kipande, jicho libaki juu ya udongo, tandaza kokoto, weka maji sentimita 10 hadi 15 juu yake, na uongeze kadiri vikonyo vinavyorefuka. Beseni likae penye jua saa sita kwa siku, maji yakiwa yametulia.

Uliza pia ni yungiyungi la maeneo ya joto au la maeneo ya baridi. La joto linafaa Kyela. Makete, Njombe au Uyole, maji ya Juni na Julai yatalidumaza au kuliua, na muuzaji atakwambia hukulitunza.

Akisema limetoka nje ya nchi, dai cheti cha afya ya mimea na kibali cha TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Waliokwisha kulipa, msifute ujumbe wa muamala wala kutupa pakiti. Pelekeni vyote polisi.