Klempu Mita ya UT210E kwenye Umeme wa Beetle: Tunaipima Kazini

Habari za saa hizi, ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani tuna UNI-T UT210E, klempu mita ndogo ya kiganjani, na tunaipima kwa kazi moja tu: kutafuta hitilafu za umeme kwenye Volkswagen Beetle ya miaka ya 70, ile ya volti 12. Wayaringi ya gari hili ina nusu karne, na mita nyingi zinakudanganya humo.

Zinakudanganyaje? Mwenye gari analalamika taa zimefifia. Fundi anaweka mita kwenye mlio, anagusa ncha mbili za waya, mita inalia, anasema waya mzima. Hapana. Waya ukibaki na uzi mmoja tu wa shaba ambao haujakatika, mita bado italia, kwa sababu inapitisha mkondo mdogo mno. Washa taa sasa, wati 45 kila upande, uone: ule uzi mmoja unapata moto na volti zinaishia njiani. Kwa hiyo gari la zamani lipimwe umeme ukiwa unafanya kazi. Pima mambo mawili: volti ngapi zinapotea, na ampea ngapi zinapita.

Hapo ndipo UT210E inapoingia. Taya zake zinafunguka kumeza waya wa hadi milimita 17 na zinasoma mkondo wa DC, yaani umeme wa betri unaokwenda upande mmoja, bila kukata wala kuchomoa kitu. Kwa Beetle hilo ni jambo kubwa, maana plastiki ya waya zile imekauka. Ukianza kuvuta na kuchomoa, unatengeneza hitilafu ya pili kabla hujaiona ya kwanza. Ina renji tatu za mkondo: ampea 2, 20 na 100. Kwenye renji ya ampea 2 inaonyesha mpaka miliampea 1. Ukienda dukani angalia herufi ya mwisho, iwe E. Wenzake wa familia hiyo wanafanana naye sura, lakini si wote wanaosoma mkondo wa DC kwa taya, na asiyesoma DC hakufai kwenye gari.

Kabla ya kupima, sogeza taya tupu karibu na waya unaoutaka, ukiwa umezishika vilevile utakavyozishika wakati wa kupima, bonyeza ZERO, halafu ndipo ukamate waya. Usipofanya hivyo, sumaku ya dunia na ya vyuma vya jirani itakuandikia miliampea ambazo hazipo. Na namba inahama polepole, basi rudia sifuri kila unapobadilisha mahali. Hiki ndicho kinachoudhi zaidi kwenye chombo hiki.

Twende kwenye taa kubwa. Kamata waya wa njano, huo ni wa dimu. Mweupe ni wa ful. Balbu ya wati 45 kwenye volti 12 inapaswa kula karibu ampea 4. Upande mmoja ukisoma pungufu ya mwenzake kwa balbu za aina moja, huo ndio wenye ugonjwa. Sasa hamia kwenye volti, taa zikiwa zinawaka. Probu nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri, nyeusi kwenye teminali ya balbu: ikizidi volti 0.5, njia ya kwenda ina tatizo. Kisha nyeusi kwenye nguzo hasi, nyekundu kwenye waya wa kahawia wa balbu: ikizidi 0.2, ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi, ni mbovu. Msidharau hizo pointi. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30.

Mara nyingi mkosaji ni boksi la fyuzi. Fyuzi za Beetle ni zile za kauri zenye ncha zilizochongoka, nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16, na zinashikwa na vibati vya springi pande zote mbili. Kibati kikishika kutu kinapata joto, joto linalegeza springi, springi ikilegea joto linazidi, mwisho plastiki ya boksi inayeyuka na fyuzi inacheza. Gusisha probu mbili kwenye ncha mbili za fyuzi huku taa ikiwaka. Ukiona zaidi ya volti 0.1, izungushe kwa vidole. Namba ikishuka na taa ikiongezeka mwanga, umempata. Safisha kwa msasa laini, kaza vibati, weka fyuzi mpya ya ukubwa uleule. Tafadhali, usifunge karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyoungua. Waya ndio utakaoungua badala yake.

Ugonjwa wa pili ni betri inayokwisha usiku. Beetle isiyo na redio, ikiwa imezimwa na milango imefungwa, isile umeme wowote wa kuonekana. Inua kiti cha nyuma upande wa kulia, kamata nyaya zote zinazotoka kwenye nguzo chanya kwa pamoja. Ukiacha mmoja nje umepima nusu. Ukisoma ampea kadhaa, mtazame regyuleta kwanza kwenye magari yenye dinamo: katauti yake, ile swichi inayotenga betri na dinamo injini ikizima, ikigandana, betri inarudisha mkondo kwenye dinamo usiku kucha. Kama ni miliampea chache unazowinda, tumia waya wa ziada kati ya nguzo na kebo, uzungushe mara 10 ndani ya taya. Namba itakuwa mara 10: ukisoma 200, gari linakula 20. Usiwashe stata ukiwa umeunga hivyo. Na ukishainua kiti, hakikisha nguzo chanya ina kifuniko. Springi za kiti zikilala juu yake, kiti kinashika moto.

Shoti je? Hapa ndipo chombo kinapolipa bei yake. Toa balbu zote za mzunguko unaochoma fyuzi, halafu mahali pa fyuzi unga balbu ya wati 21. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo, lakini mkondo umebanwa usipite ampea 2 hivi, hakuna kitakachoungua. Sasa tembea na taya kando ya waya kuelekea nyuma. Ampea zipo, zipo, zipo, halafu ghafla sifuri. Shoti iko kati ya pale ulipoziona mwisho na pale zilipopotea. Tazama hasa waya unapopita kwenye tundu la bati kuingia chumba cha injini: mpira wa tundu huoza, joto hukausha plastiki, bati linakata.

Onyo kwa wanaotengeneza Land Rover na Beetle gereji moja. Kwenye gari la Kijerumani waya wa kahawia ni ethi. Kwenye Land Rover Series kahawia unatoka moja kwa moja kwenye betri, hauna fyuzi. Ukiuchomeka kwenye bodi, moshi.

Kasoro sasa. Ampea 100 hazitoshi stata, inavuta zaidi ya hapo. Kwa stata pima volti tu: betri isishuke chini ya 9.6 ikizungusha, na teminali namba 50, ile inayopokea amri ya stata kutoka kwenye swichi, volti zake zisiwe pungufu mno kuliko za betri. Waya huo unakwenda mbele kwenye swichi ukarudi nyuma, ndiyo maana Beetle ikipata joto inapiga "tak" na kunyamaza. Dawa ni rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, karibu na stata. Angalia pia mkanda wa ethi pua ya gia boksi, kwa sababu gia boksi imekaa juu ya mipira, na ukikatika mkanda huo injini haina njia ya kurudisha umeme.

Kama una mita ya kawaida yenye volti nzuri na una Beetle moja tu nyumbani, anza na balbu ya wati 21 na waya mbili. Fundi anayepokea magari ya zamani kila wiki aichukue UT210E, na anunue kabisa betri mbili za akiba za AAA.