Treni ya Anchorage hadi Fairbanks, na Mama dirisha la kushoto

Mama ana miaka 68 na magoti yake hayamruhusu tena kutembea mwendo mrefu. Alipokuja Seattle mwezi Mei kukaa nasi mpaka Oktoba, nilitamani aone pori la kaskazini, ambalo hata mimi sikuwa nimelifikia kwa miaka yote niliyokaa Marekani. Kupanda milima haiwezekani, na kukaa kwenye gari dogo kutwa nzima humuumiza mgongo. Ndiyo maana nikachagua treni. Mwishoni mwa Juni 2025 tuliruka hadi Anchorage, mwendo wa saa tatu na nusu, na kesho yake asubuhi tukapanda Denali Star, treni ya abiria ya Reli ya Alaska. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliotembelewa na wazazi na hawajui wawapeleke wapi. Wapelekeni huku. Ila tiketi kateni wenyewe, sababu nitaieleza mbele.

Njia nzima toka Anchorage hadi Fairbanks ni maili 356, yaani kilomita 573, na huchukua kama saa kumi na mbili. Treni inaondoka saa mbili na dakika ishirini asubuhi, inaingia Denali, stesheni ya hifadhi ya wanyama, inapokaribia saa kumi alasiri, na Fairbanks saa mbili usiku. Nasema usiku kwa mazoea tu, maana jua la saa hiyo mwezi Juni limesimama kama la saa kumi alasiri kwetu. Sisi tuliikata safari vipande viwili, katikati tukalala Denali siku mbili. Fanyeni hivyo hivyo. Watu waliolala usiku mmoja niliwaona wakivuta mabegi kurudi stesheni huku bado wanauliza hifadhi iko wapi.

Ndani ya treni kuna madaraja mawili ya nauli. La juu, GoldStar, lina dari la kioo, chakula kimo ndani ya nauli, na juu kuna baraza la kusimama nje. Bei yake ni karibu mara mbili ya daraja la kawaida. Tulichukua la kawaida na sijutii hata senti. Madirisha ni makubwa, miguu ina nafasi, na liko behewa lenye kuba la kioo ambamo abiria hupokezana kukaa. Ngazi yake ni nyembamba, Mama aliipanda mara moja tu, polepole, mkono mmoja kwenye bega langu. Kilichonifurahisha zaidi ni ile nafasi kati ya behewa na behewa, yenye dirisha lililo wazi nusu ya juu. Unasimama pale upepo unakupiga usoni, unasikia harufu ya majani mabichi na dizeli, na magurudumu yanagonga chini ya miguu yako. Kioo kiwe safi kiasi gani, hakikupi hilo. Chukueni koti zito, hata Juni.

Kwenye stesheni ya Anchorage Mama hakuangalia treni kwanza, aliangalia reli. Babu yangu alikuwa fundi wa njia kwenye reli ya Tanga, na Mama kakulia kwenye nyumba za reli pale Korogwe. Aliinama kidogo pembeni ya behewa, akapima kwa macho, akasema, "Hii pana, mwanangu." Kweli. Ya kwetu ya zamani ni mita moja, hii ni milimita 1,435, kipimo kile kile cha SGR ya Dar es Salaam. Baadaye muongozaji wetu, binti wa shule ya sekondari (daraja la kawaida huongozwa na wanafunzi waliofunzwa kwa kazi hiyo), akaeleza kwamba mji wa Anchorage wenyewe ulianza mwaka 1915 kama mahema ya watu waliokuja kujenga reli, kwenye kijito cha Ship Creek. Serikali ya Marekani ndiyo iliyoijenga, ikaimiliki mpaka mwaka 1985 ilipoiuzia jimbo la Alaska. Nikamtafsiria. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Kumbe na huku ni reli ya serikali." Kuanzia hapo aliichukulia treni ile kama jamaa wa nyumbani, akawa anamsikiliza yule binti kwa makini kuliko abiria wengi wanaojua Kiingereza.

Saa mbili za mwanzo ni za kawaida, nyumba, magari, mabwawa. Usimalize chaji ya simu hapo. Pori linaanza hasa baada ya Talkeetna, ambapo reli inaachana na barabara kuu na kuufuata mto Susitna. Mto huo ni wa kijivu kama maji ya saruji, kwa sababu ya vumbi la mawe linalosagwa na barafu za milimani. Hakuna barabara. Ziko nyumba za mbao moja moja msituni, na wenyeji wake hutegemea treni nyingine ndogo, Hurricane Turn, ambayo ukisimama kando ya reli na kupunga kitambaa inasimama kukuchukua. Mama alilipenda hilo kuliko yote aliyoambiwa siku ile. Akanikumbusha Muheza, watu walivyokuwa wakiyainua machungwa hadi dirishani, treni ikianza kuondoka bado wanadaiana chenji. Hapa hakuna wauzaji. Behewa la mgahawa lipo, chakula ni kizuri, ila wanaokula halali waulize soseji imechanganywa na nini kabla ya kuagiza. Sisi tulikula samaki na chapati tulizobeba.

Sasa mlima. Denali una mita 6,190, umeupita Kilimanjaro kwa mita 295, lakini tofauti kubwa iko kwenye miguu yake. Umeinuka kutoka nchi ya chini, kiasi cha mita 5,500 kutoka kitakoni hadi kileleni. Januari 2025 serikali ya Marekani ilirudisha jina la McKinley kwa mlima, hifadhi ikabaki kuitwa Denali, na wenyeji wote niliowasikia wanasema Denali, neno la Wakoyukon, wenyeji asilia wa huko, lenye maana ya ulio mrefu. Watu hueleza kwamba katika wageni watatu ni mmoja tu anayeuona, maana mawingu yake hayaishi. Kaeni upande wa kushoto mkielekea kaskazini, muombe kiti hicho mapema.

Tulipopita Talkeetna binti akatangaza kwamba mlima uko upande wetu ila leo umefunikwa. Behewa zima likaegemea kushoto, simu zimeinuliwa, wote wanatazama juu kidogo ya miti, palipokuwa na ukuta wa mawingu. Mama hakutazama pale. Alipokuwa msichana alikuwa akipanda treni kwenda Moshi kwa shangazi yake, na kila mtu aliyekulia njia ile anajua kwamba Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huutafuti kwenye usawa wa mawingu, unautafuta juu yake. Alikuwa ameinua kidevu, anatazama mbinguni hasa, sehemu ambayo mtu hategemei kukuta ardhi. Akanigusa goti. "Ule pale." Kipande cha theluji, cheupe chenye rangi ya waridi kidogo, kimekaa juu ya mawingu kana kwamba hakijashikwa na kitu. Mzee aliyekaa kiti cha mbele aligeuka akafuata kidole chake, akatoa sauti, na ndipo behewa lote likainua vichwa. Tulikuwa nacho dakika kumi hivi, kikiingia na kutoka nyuma ya miti. Yule mzee akaniuliza mama yangu alijuaje. Nilimwambia anatoka Tanzania, na kwamba kwetu upo mwingine.

Daraja la Hurricane Gulch ni jambo jingine. Lilimalizika mwaka 1921, lina urefu wa mita 280 na liko mita 90 hivi juu ya kijito. Dereva anapunguza mwendo hadi kama mtu anayetembea. Ukichungulia huoni daraja wala nguzo, unaona hewa, na chini kabisa uzi wa maji. Mama alishika pindo la kanga yake, midomo ikicheza, akafumba macho mpaka mlio wa magurudumu ulipobadilika na kuwa wa ardhini.

Baada ya hapo nchi inafunguka. Ni bonde pana linaloitwa Broad Pass, mita 720 tu juu ya bahari, na hapa ndipo maji yanapogawana. Mvua ikinyesha upande mmoja huenda kusini hadi ghuba ya Cook Inlet, upande wa pili huenda kaskazini hadi mto Yukon na Bahari ya Bering. Misonobari ni myembamba na mifupi, mingine imelala upande, kwa kuwa udongo wa chini huganda mwaka mzima na unapoyeyuka juu juu mizizi hukosa pa kushika. Ilikuwa karibu saa nane, adhuhuri yao, maana jua la huko linafika katikati saa hiyo. Mama akauliza kibla. Nikafungua simu. Mshale ukaelekea mbele ya treni, kidogo kushoto. Kaskazini.

Alidhani nimekosea. Nilimweleza kwamba toka Alaska njia fupi ya kwenda Makka hupita karibu na ncha ya dunia. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi kama nyumbani." Ni kweli, Tanga nako tunaelekea kaskazini. Aliswali amekaa kwenye kiti, kwa sababu ya magoti, treni ikienda kule kule anakoelekea. Alipomaliza akanionyesha kitu ambacho mimi nisingekigundua: Tanga mwezi Juni jua la adhuhuri liko mbele yako ukielekea kibla, hapa lilikuwa mgongoni. Usiku ule Denali jua lilizama saa sita ikiwa imeshapita. Mama aliingojea Magharibi akiwa macho, na giza halikuingia. Tukajumuisha na Isha, maana sisi wasafiri.

Hapa ndipo penye malalamiko yangu. Safari hii sikuikata mwenyewe, nilimpa wakala mmoja wa utalii aliyeniuzia kifurushi, treni, hoteli na basi la hifadhini. Karatasi yake ilisema basi litafika Eielson, ndani kabisa, ambako mlima unauona karibu. Ukweli ni kwamba barabara ya hifadhi, yenye maili 92, wakati huo ilikuwa imefungwa kuanzia maili 43 tangu Agosti 2021, kwa sababu mlima uliteleza na kuibomoa mahali panapoitwa Pretty Rocks. Walikuwa wanajenga daraja la kupita pale. Miaka minne karibu, na wakala alikuwa bado anauza picha za Eielson. Nilijua asubuhi ya safari ya basi, kwa mdomo wa dereva. Niliumia, maana nilikuwa nimemuahidi Mama. Nilimuandikia wakala, na baada ya wiki tatu akarudisha sehemu ya fedha. Mambo haya yote yako wazi kwenye tovuti ya hifadhi, na tiketi za treni na za basi zinauzwa moja kwa moja. Magari binafsi huishia maili 15, mbele ya hapo ni mabasi tu, kwa hiyo kata mapema.

Hata hivyo maili hizo 43 hazikuwa haba. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1917, na leo ina takriban kilomita za mraba 24,500, imeizidi Serengeti mbali. Lakini usitarajie makundi ya Serengeti. Hapa chakula ni kidogo na baridi ni refu, wanyama wametawanyika, na unatazama mlima mtupu nusu saa ndipo unaona nukta inasogea. Tuliona dubu wa kahawia na watoto wawili wakichimba mizizi, kondoo weupe wa milimani, na musi jike, mnyama wa ukoo wa kulungu aliye mkubwa kama farasi, amesimama majini. Dereva alipotangaza "caribou upande wa kulia," Mama akaitika papo hapo, "Starehe!" Nilipomweleza kwamba ni jina la mnyama, akawatazama wale madume na pembe zao, akasema jina limewafaa.

Mbu wapo wengi, wakubwa na wazito. Malaria hawana, lakini chukueni dawa ya kupaka.

Siku ya tatu tukamalizia Denali hadi Fairbanks, saa nne. Nusu ya kwanza treni inabanana na mto Nenana kwenye korongo, watu wanaoteremka mto kwa maboti ya mpira wakitupungia mikono chini. Nusu ya pili ni tambarare. Pale Nenana reli inazunguka mji na kupanda daraja refu la chuma juu ya mto Tanana, na ng'ambo yake ndipo Rais Warren Harding alipopigilia msumari wa dhahabu tarehe 15 Julai 1923, kumaliza reli. Alifariki San Francisco siku 18 baadaye. Muongozaji wa siku hiyo alisema habari za rais. Mama akauliza kama kuna mahali wameandika majina ya waliotandika mataruma. Nilimtafsiria kijana lile swali, akasema ni swali zuri, na kwamba atauliza.

Tulirudi Seattle kwa ndege toka Fairbanks. Mama sasa anataka tawi la kusini, Anchorage hadi Seward, linalopita kando ya bahari na barafu. Treni hiyo ya abiria huendeshwa hadi katikati ya Septemba. Nimeshaangalia tarehe, na safari hii nakata mwenyewe.