Uzoefu Wangu: Mazoezi ya Pamoja ya Askari Wastaafu, Tanga

Nilijiunga na kikundi cha mazoezi cha askari wastaafu hapa Tanga kwa ushauri wa mshauri nasaha aliyekuwa akinihudumia. Nilihudumu mashariki mwa Kongo, ambako Tanzania ilipeleka kikosi mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa, na niliporudi nilibainika kuwa na msongo wa baada ya kiwewe: majinamizi yalinikatiza usingizi, nilikwepa soko na misiba, na kila palipotokea kishindo nilitafuta ukuta wa kuegemeza mgongo.

Tunakutana alfajiri, mara tatu kwa wiki, nje ya uwanja wa Mkwakwani. Tukishanyoosha viungo tunakwenda mchakamchaka kupitia Bombo hadi Raskazone, ambako tunapiga pushapu na kufanya mazoezi ya pumzi ufukweni. Ada hakuna, tunachangia maji ya kunywa tu.

Kilichonisaidia zaidi ni kilekile nilichokiogopa. Mwenye kiwewe, moyo ukianza kumwenda mbio, mwili wake huamini kwamba hatari imeshafika. Mchakamchaka humletea mapigo yaleyale, jasho lilelile na pumzi zilezile za juujuu, lakini ubavuni yupo mwenzake anayeitikia wimbo, na hakuna baya linalotokea. Kwa kurudia asubuhi baada ya asubuhi, mwili wangu ulianza kutofautisha. Hata kuimba kuna kazi yake, kwa maana anayeitikia kibwagizo hulazimika kutoa pumzi ndefu, na pumzi ndefu ya kutoka hutuliza moyo.

Halafu wapo wenzangu. Maradhi haya humfanya mtu ajifungie ndani, na dawa pekee haimtoi mlangoni. Nisipoonekana, mzee mmoja aliyepigana vita ya Kagera ya 1978 na 1979 hupita kwangu Chumbageni, akabisha hodi na kusema, "Vaa raba mwanangu, tunakungoja." Haniulizi nimeota nini. Nathamini sana kutoulizwa huko.

Yapo ya kurekebisha. Mwanzoni kiongozi alitumia filimbi, na kila ilipolia nyuma yetu baadhi yetu tulijikunyata. Tulipomweleza, akaiacha, akawa anapiga makofi mbele yetu, mahali tunapomwona. Namshukuru kwa kutusikiliza, ila naamini anayeongoza watu wenye kiwewe anapaswa kupata mafunzo ya afya ya akili kabla ya kuanza, asiyapatie kwetu. Masika nayo huvuruga ratiba, kwa kuwa hatuna ukumbi wa kukimbilia, na mazoezi yanapokatika usingizi wangu huharibika tena.

Sikuacha ushauri nasaha wala dawa, na simshauri mtu aziache. Mshauri wangu alinieleza juu ya utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 81 waliolazwa kwa msongo huu: waliofanya mazoezi pamoja na matibabu ya kawaida walipata nafuu kuliko waliopewa matibabu ya kawaida peke yake. Mazoezi yaliongezwa juu ya tiba, na ndivyo ninavyoyatumia.

Kwa askari mwenzangu aliye Tanga, nakushauri uje. Pima presha kwanza, maana wengi wetu umri umekwenda, na kama magoti yanakusumbua usihofu, kwani lipo kundi la nyuma linalotembea, nalo huwa tunalingoja Raskazone kabla ya kuanza mazoezi ya pumzi.