Karani wa korosho ndani ya Wikipedia: uzoefu wangu na makala za siasa za nchi yetu

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, mkoani Mtwara. Watu wakiniona mnadani hudhani kazi yangu ni mizani na magunia, lakini kazi inayonikosesha usingizi ni kuandika mihtasari ya vikao. Mjumbe mmoja anasimama na kusema makato ya mwaka huu ni wizi. Mwingine anajibu kwamba makato hayo yalipitishwa na mkutano mkuu na yeye mwenyewe alinyoosha mkono. Mimi siandiki "makato ni wizi", wala siandiki "makato ni halali". Naandika nani alisema nini, mkutano uliamua nini, na kura zilikuwa ngapi. Nikikosea neno moja, kikao kijacho muhtasari unakataliwa mbele za watu.

Nimeeleza hayo kwa sababu ndicho kipimo nilichotumia kuipima Wikipedia.

Mpwa wangu wa kidato cha nne ndiye aliyeniingiza humo. Walipewa kazi ya Uraia juu ya serikali na soko la mazao, akachagua korosho, akanikalia na simu yake. Nilikuwa najua kwamba Wikipedia ipo tangu Januari 2001 na kwamba ya Kiswahili ilianza 2003. Nisilolijua ni kwamba mtu yeyote, hata mimi, anaweza kubonyeza "Hariri" akaandika. Usiku ule ule nikaandika.

Niliandika juu ya msimu wa 2018. Wasiotoka huku huenda wamesahau. Mwezi wa kumi wakulima waligoma kuuza kwenye minada, wakisema bei za chini ya Sh 3,000 kwa kilo hazilipi hata dawa ya kupulizia. Tarehe 10 Novemba Rais John Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo, na jeshi litaisomba. Malori ya JWTZ tuliyaona kwa macho yetu. Mimi ndiye niliyeandika orodha za wakulima, na mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa asubuhi na jioni "karani, hela zimeingia?" wakati uhakiki unaendelea na 2019 imeshaingia.

Basi niliandika kwa uchungu. Aya nzima, na kila sentensi ilikuwa na hukumu yangu ndani yake. Kesho yake nikakuta imeondolewa. Mhariri aliacha ujumbe wa upole: maelezo yanaonyesha upande, na hayana chanzo kilichochapishwa. Nilikasirika sana. Chanzo gani tena, wakati mimi nilikuwepo?

Hasira ilinikaa siku tatu. Iliyoiondoa ni kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa nasahihisha muhtasari wa kikao cha bodi, nikajikuta nafuta sentensi ya msaidizi wangu iliyosema "mwenyekiti alijibu kwa dharau". Nikamwambia, wewe andika alichojibu, dharau wataiona wenyewe. Hapo nikanyamaza. Yule mhariri alinifanyia kile kile ninachomfanyia kijana wangu kila mwezi.

Nikarudi, nikaandika upya: tarehe, bei, tangazo, nani alitangaza. Nikaongeza kwamba serikali ilieleza hatua ile kuwa ni kumlinda mkulima na kuwadhibiti walanguzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima kwa bei ya chini nje ya minada, na kwamba wapo wakulima waliolalamikia kuchelewa kwa malipo, kila dai na gazeti lake. Kwenye ukurasa wa majadiliano nikasema wazi kwamba mimi ni karani wa ushirika, kwa hiyo jambo hili linanihusu, anayeona nimeegemea anisahihishe. Mtu mmoja alibadilisha neno. Nilikuwa nimeandika serikali "iliwakomboa" wakulima, nikidhani nawatendea haki wa upande wa pili. Akaweka "ilinunua". Alikuwa sahihi.

Na hapo ndipo siasa hujificha, kwenye kitenzi. Chukueni habari za gesi. Mwaka 2013 wakati wa sauti ya "gesi haitoki", wananchi wakipinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na hasa siku ile ya Mei bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, Mtwara mjini hakukukalika. Wapo wanaoita vurugu. Wapo wanaoita maandamano. Wengine wanasema machafuko, na sisi wenyewe tunasema tu "kipindi cha gesi". Mwandishi akichagua neno moja tangu kichwa cha habari, ameshatoa hukumu kabla msomaji hajafika aya ya pili. Makala iliyo sawa itasema wananchi walidai nini, serikali ilijibu nini, nani aliita vurugu na nani aliita haki. Halafu yale yasiyo na mjadala yasemwe bila kupindwapindwa: bomba lilijengwa, lina urefu wa kilomita zaidi ya 500 hadi Dar es Salaam, fedha nyingi zilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, lilizinduliwa Oktoba 2015, na kiwanda cha kusafisha gesi kipo Madimba, hapa hapa Mtwara. Kutoegemea upande hakumaanishi kila jambo ligawiwe nusu kwa nusu. Urefu wa bomba hauna mrengo.

Jaribio gumu kuliko yote lilikuwa mjomba wangu. Yeye ni wa upande wa Masasi, na kwake Mzee Mkapa, Rais wa awamu ya tatu na mzaliwa wa Lupaso, hasemwi. Jioni moja nilimsomea makala ya Kiingereza juu ya Mkapa, nikimfasiria. Nilipofika kwenye ubinafsishaji, kuungwa mkono na Benki ya Dunia na kufutiwa baadhi ya madeni ya nchi, alitikisa kichwa kwa furaha. Nikaendelea: lawama kwamba vita dhidi ya rushwa havikuzaa matunda, na fedha zilizotumika kununua ndege ya rais. Akanikata. "Marehemu hasemwi hivyo, mwanangu. Wameandika maadui zake hao." Tukakaa kimya kidogo. Kisha akauliza kama daraja la Rufiji limetajwa humo. Anayeijua safari ya kusini enzi za kivuko cha Ndundu, watu wakilala Rufiji masika nzima wakisubiri kuvuka, anaelewa kwa nini aliuliza daraja kwanza. Nikamfungulia makala ya daraja lenyewe, lililofunguliwa 2003 na kubeba jina lake. Akaniambia, "Nisomee tena ile ya kwanza, polepole." Nikasoma, na safari hii hakunikata. Hakusema amekubali, ila hakusema tena maadui.

Kinachonipa shida ni kingine. Kanuni ya chanzo kilichochapishwa ni ya haki, lakini inawapendelea wanaochapishwa. Kauli ya waziri ipo kwenye magazeti kumi. Kauli ya mama aliyepima kilo zake mia mbili akasubiri malipo ipo kwenye daftari langu, na daftari langu si chanzo. Kwa hiyo makala inaweza kuwa haijaegemea kabisa katika kila sentensi iliyomo, na bado pakawa na pengo pale ambapo hakuna aliyekuja kuuliza. Makala nyingi za kata zetu huku zina idadi ya watu kwa sensa na msimbo wa posta, na chini yake ile sentensi kwamba makala bado ni mbegu, yaani ni fupi na inasubiri kuongezwa. Neno hilo nalipenda. Mkulima wa korosho anajua mbegu si aibu, ila haijioteshi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mnaotaka kuitumia kwa habari za siasa, msiishie kwenye makala. Bonyezeni "Historia" muone nani alibadilisha nini na lini, kisha mfungue "Majadiliano", maana mara nyingi ugomvi wa kweli umo humo. Mpwa wangu alipata alama nzuri kwa sababu alinukuu majadiliano, mwalimu akamuuliza katoa wapi.

Wiki hii tunaanza makala ya kata yetu, mimi na yeye. Mjomba ameahidi magazeti yake ya zamani. Na mimi nimepata moja la Novemba 2018, lilikuwa limekunjwa ndani ya daftari la malipo, kurasa zote zipo.