Uanze na Thor yupi? Katuni za miungu ya Skandinavia, kuanzia iliyo bora zaidi

Ukitafuta kitabu cha katuni cha Thor, mungu wa radi mwenye nyundo, mtandaoni utaletewa vitabu chungu nzima vyenye jina lilelile, na vingi vimeandikwa namba 1 kwenye jalada. Marvel, kampuni ya Marekani inayovichapisha, ina kawaida ya kuanza kuhesabu upya kila anapoingia mwandishi mpya, kwa hiyo namba haikusaidii. Nunua kwa jina la mwandishi, kisha angalia nyuma ya jalada ni matoleo gani yamekusanywa humo. Ukipuuza hilo, utajikuta umenunua sehemu ya tatu ya hadithi ambayo huna mwanzo wake.

Kipimo changu ni kimoja. Katika visasili vya Skandinavia, kama Snorri Sturluson alivyovikusanya kule Iceland katika karne ya 13, miungu hufa, na inajua tangu mapema kwamba itakufa. Siku ya Ragnarök, yaani vita vya mwisho wa dunia, Thor anamuua nyoka aliyeizunguka dunia, anapiga hatua 9, kisha sumu inamwangusha. Katuni ikisahau kifo hicho, kinachobaki ni misuli na nyundo. Hata nywele si kitu: Thor wa visasili ana ndevu nyekundu, wa Marvel ana nywele za manjano na kwa miaka mingi hakuwa na ndevu kabisa, na wala haijaharibu chochote.

Nafasi ya kwanza naitoa bila kusita kwa Walter Simonson, mwandishi na mchoraji aliyeanza na toleo la 337 mwaka 1983 na kumaliza na la 382 mwaka 1987. Anafungua kwa kumleta Beta Ray Bill, kiumbe wa anga za mbali mwenye uso kama wa farasi, na kumpa nyundo ya Thor ambayo huinuliwa na anayestahili peke yake. Wakati huohuo, toleo baada ya toleo, kuna ukurasa ambapo mtu asiyeonekana vizuri anafua upanga gizani, na mlio wa nyundo yake umechorwa na John Workman kwa herufi kubwa zinazojaza ukurasa: DOOM. Unasubiri kwa miezi kujua ni nani. Ni Surtur, jitu la moto, na upanga ule ni wa kuteketeza kila kitu.

Lakini kinachonifanya nikiweke juu ya vyote ni toleo la 362. Skurge, mpiganaji wa daraja la pili ambaye maisha yake yote amechekwa na kutumiwa na mwanamke aliyempenda, yuko kuzimu kwa Hela, malkia wa wafu, pamoja na Thor. Lazima mtu abaki kwenye daraja la Gjallerbru kuwazuia wafu ili wenzake wavuke. Thor anajitolea. Skurge anampiga kwa nyuma, anamzimisha, na kubaki yeye, peke yake, na bunduki mbili mikononi. Kurasa hizo chache zina uzito ambao watu waliozoea kudharau katuni hawautarajii. Kisha kuna toleo la 380, ambapo kila ukurasa ni picha moja tu, Thor na yule nyoka, mwanzo hadi mwisho.

Kazi yote ya Simonson imekusanywa katika juzuu moja la jalada gumu lenye zaidi ya kurasa 1,100. Ni zito, na kama unaagiza kutoka Marekani au Uingereza, uliza gharama ya usafirishaji kabla ya kulipia, maana inaweza kukushtua. Ipo pia kwa majuzuu ya jalada laini, ambayo unaweza kununua moja moja. Juzuu kubwa lililotoka mwaka 2011 lilipakwa rangi upya na Steve Oliff, na mimi naipenda kazi yake.

Ya pili ni Thor: God of Thunder ya Jason Aaron, iliyochorwa na Esad Ribić kuanzia 2012. Hapa unahitaji vitabu viwili tu, The God Butcher na Godbomb, yaani matoleo 1 hadi 11, na hadithi inakamilika. Gorr anachinja miungu ya ulimwengu mzima kwa sababu watu wake waliomba wakafa bila kujibiwa. Thor watatu wanapambana naye: kijana wa mwaka 893 ambaye bado hawezi kuinua nyundo, wa leo, na mzee mwenye mkono mmoja. Swali la Gorr, kwamba miungu ina faida gani, halijibiwi kirahisi. Kama bajeti yako ni ndogo, anza na hivi. Ila damu ni nyingi, usimpe mtoto.

Ya tatu ni ya Aaron huyohuyo, akiwa na mchoraji Russell Dauterman: Jane Foster, mwanamke aliyewahi kupendwa na Thor, anaichukua nyundo mwaka 2014. Jane ana saratani, na kila anapogeuka kuwa Thor mwili unasafishwa dawa zote za matibabu, hivyo kila anapookoa watu anajisogeza kaburini. Inauma. Nunua kwa karatasi, kwani kurasa za Dauterman huminywa mno kwenye simu.

Journey into Mystery ya Kieron Gillen, ya 2011 na 2012, inamhusu Loki, mungu mwenye hila, aliyezaliwa upya akiwa mtoto ambaye hakuna anayemwamini. Mwisho wake ni mzuri kuliko vyote nilivyotaja, lakini mwanzo umefungamana na hadithi nyingine ya Marvel na utakuchanganya kidogo. Vumilia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna cha kutafuta pembeni: X-Men: The Asgardian Wars, hadithi za mwaka 1985 za Chris Claremont. Humo Loki anampa nyundo Storm, shujaa wa kundi la X-Men, ambaye mama yake ni Mkenya na ambaye mwaka 1975 tulimkuta Kenya akiwaitia watu mvua. Wakati huo Storm amepoteza nguvu zake, na Loki anajua vizuri anachomtegea. Art Adams alichora sehemu ya Asgard, makao ya miungu, kwa nakshi za kukodolea macho.

Zile za mwanzo kabisa za Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby, kuanzia Agosti 1962, ziache kwa sasa. Ukishapenda, rudi utafute Tales of Asgard, visa vifupi vya Kirby vilivyoanza 1963. Ndivyo vilivyo karibu zaidi na visasili vyenyewe.